Mteja kaandika "tarehe 5/4 saa 2". Una uhakika umemuelewa?

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakichukulia poa mpaka siku kinapotukula hela: tarehe na saa kwenye oda.

Soma oda hii: "Naomba keki ya kilo tatu, tarehe 5/4, saa 2. Nimeshatuma nusu."

Inaonekana haina shida, si ndiyo? Sasa jiulize. Ni saa 2 asubuhi au saa 2 usiku? Au mwenzetu kaandika saa 2 ya Kizungu, yaani saa nane mchana? Halafu hiyo 5/4, ni tarehe tano mwezi wa nne, au fomu yako imeigeuza kuwa tarehe nne mwezi wa tano? Oda ya mstari mmoja tu, lakini ina majibu sita.

Kwa mwaka 2026, tarehe 5 Aprili ni Jumapili ya Pasaka. Tarehe 4 Mei ni Jumatatu ya kawaida kabisa. Keki ya Pasaka ikioka mwezi wa tano, unamuuzia nani? Na ile nusu aliyotuma unairudishaje wakati unga, mayai na siagi ulishanunua?

Hapo ndo kuna somo la leo. Tarehe iliyokosewa wazi haitusumbui sana. Mtu akiandika "tarehe 45" utaona mwenyewe na utamuuliza. Inayotuumiza ni tarehe nzuri kabisa, ipo kwenye kalenda, mfumo umeikubali, ila siyo ile aliyokuwa nayo mteja kichwani. Hiyo inapita kimya kimya, na utaijua siku mzigo umeshachelewa.

MASHINE INASOMAJE TAREHE YAKO

Mteja akijaza fomu kwenye tovuti yako, au akijibizana na ile roboti ya WhatsApp inayopokea oda, maneno yake yanapelekwa kwenye mfumo kupitia mlango unaoitwa API. Wengi mnatumia vitu hivi bila kujua jina lake, na siyo lazima ulijue. Jua kazi yake tu.

Chukulia API kama karani wa getini kwenye bandari kavu yetu hapa Isaka. Lori likifika, karani anaangalia karatasi. Ana kazi mbili. Ya kwanza ni kukagua: je, karatasi imekamilika, na kilichoandikwa kinawezekana? Ya pili ni kuelewa: hiki kilichoandikwa kina maana gani, niingize nini kwenye daftari?

Karani mzuri akikuta maandishi yana utata, anarudisha karatasi na kusema nini kirekebishwe. Karani mbovu anabahatisha. Anajaza mwenyewe kilichopungua, anagonga muhuri, lori linapita. Baadaye mzigo ukitafutwa, daftari linaonyesha kila kitu kiko sawa.

Mifumo mingi ya kompyuta ukiiachia hivi hivi inafanya kama huyo karani mbovu. Mfano mmoja: JavaScript, lugha inayoendesha tovuti nyingi duniani, ukiipa kwa namba mwaka 2026, mwezi wa pili, tarehe 31, haikatai. Inahesabu siku zilizozidi na kukuletea tarehe 3 Machi. Haikuambii kwamba Februari haina 31. Mteja kakosea kubonyeza, mfumo umemtungia tarehe, na wewe unapanga safari ya mzigo kwa tarehe ambayo hakuna mtu aliyeitaja.

SAA ZETU NA SAA ZA MASHINE

Hapa ndo penye shughuli kwa sisi tunaouza kwa Kiswahili.

Sisi tunahesabu saa kuanzia kunapokucha. Huku kwetu karibu na ikweta jua halibadilishi sana muda wake mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na hesabu inakaa vizuri. Mashine inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita, na kila mtu aliyesoma shule anaijua. Tatizo ni kwamba mteja anaongea kwa saa zetu, huku simu aliyoshika inaonyesha saa za Kizungu. Akiangalia simu anaandika "2:00 PM", akiongea anasema saa nane. Wengine wanachanganya: wanaandika "saa 2 PM". Huyo hata wewe huwezi kujua alimaanisha nini, sembuse roboti.

Kanuni ya kubadilisha ni hii, mpe fundi wako aiweke kwenye mfumo:

- Asubuhi na mchana mpaka jioni: ongeza 6. Saa 2 asubuhi ni 08:00. Saa 8 mchana ni 14:00. Saa 11 jioni ni 17:00.
- Usiku mpaka alfajiri: ongeza 18. Saa 2 usiku ni 20:00. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 9 usiku: 9 na 18 ni 27, toa 24, unabaki na 03:00.
- Saa 12 ihesabu kama sifuri: ya asubuhi ongeza 6, ya jioni ongeza 18. Saa 12 asubuhi ni 06:00. Saa 12 jioni ni 18:00.

Angalia vizuri: namba peke yake haitoshi. Lazima uwe na neno linaloifuata: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. "Saa 3" bila neno hilo ni oda ambayo haijakamilika, sawa na oda ya kiatu bila saizi. Usiipokee hivyo.

Na AM na PM nazo zina mtego wake. 12 AM ni saa sita usiku, 12 PM ni saa sita mchana. Watu wengi wanazigeuza. Kama unaandika muda wa Kizungu, tumia mfumo wa saa 24: 00:00 na 12:00. Hapo hakuna wa kuchanganya.

Zamani utata huu ulikuwa unajitatua wenyewe, maana mabasi ya mikoani yalikuwa hayatembei usiku kucha. Ukiambiwa basi linapita saa tisa, ulijua ni mchana. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, saa tisa inaweza kuwa 15:00 au 03:00, na yote mawili yanaingia akilini. Mzigo wa kwenda Dar ukikosa basi kwa sababu hii, hakuna wa kumlaumu zaidi ya aliyepokea muda nusu nusu.

USIKU WA LINI?

Saa sita usiku mashine inabadilisha tarehe. Binadamu habadilishi mpaka alale aamke. Kwa hiyo mteja akikuandikia saa saba usiku "nitachukua kesho", kwake kesho ni kukicha. Kwa mashine, kukicha ni leo, na kesho ni siku inayofuata. Roboti iliyofundishwa kwamba "kesho ni tarehe ya leo ongeza moja" itampangia siku moja mbele.

Vivyo hivyo kwa "Jumamosi saa nane usiku". Ni usiku unaotokea Ijumaa au usiku unaokwenda Jumapili? Kiswahili chetu kina dawa yake, nayo ni nzuri kuliko ya lugha nyingi: usiku wa kuamkia. "Usiku wa kuamkia Jumapili" haina mjadala. Itumie kwenye meseji zako zote za mizigo ya usiku.

Na kuna siku ambazo hazina tarehe kabisa mpaka zifike. Mteja akisema "nguo za watoto zifike siku moja kabla ya Idi", usikimbilie kuandika tarehe uliyoiona kwenye kalenda ya ukutani. Idi inafuata mwezi kuandama. Kwenye fomu weka nafasi ya kuandika "kabla ya Idi", upange mzigo ufike siku mbili tatu mapema, halafu ukihakikishe mwezi ukitangazwa. Kulazimisha tarehe pale ambapo haipo bado nako ni kubahatisha.

SIKU NA MWEZI: NANI ANATANGULIA?

Sisi tunasema "tarehe tano mwezi wa nne", kwa hiyo tunaandika 5/4. Wamarekani wanatanguliza mwezi, kwao 5/4 ni tarehe nne Mei. Wachina wanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na programu nyingi tunazotumia zinatoka zikiwa zimewekewa utaratibu wa Kimarekani.

Wewe unayetunza oda kwenye Google Sheets, fanya kipimo hiki sasa hivi. Andika kwenye kisanduku 25/4/2026. Andika kwenye kingine 5/4/2026. Sasa angalia zimekaa upande gani. Kama faili lako liko kwa utaratibu wa Marekani, ile ya 25 itakaa kushoto kama maneno ya kawaida, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Ile ya 5 itakaa kulia kama tarehe halali, ila imeshageuka kuwa tarehe 4 Mei.

Umeona ujanja wake? Kuanzia tarehe 13 kwenda juu mfumo unashindwa, na wewe unaona. Kuanzia tarehe 1 mpaka 12 unakubali huku unakosea. Ndo maana mtu anaweza kutumia faili miezi na kusema "huwa linafanya kazi, mara moja moja tu ndo linachanganya". Halichanganyi mara moja moja. Linachanganya siku zile zile kila mwezi.

Dawa: fungua menyu ya Faili, ingia kwenye mipangilio, badilisha nchi iwe mojawapo ya zinazotanguliza siku, na ukanda wa saa uwe GMT+03:00. Tarehe zilizoingia kabla ya hapo zipitie moja moja, hazijirekebishi.

Kwa ajili ya kutunza na kupeleka kwenye mifumo, kuna namna moja ya dunia nzima inaitwa ISO 8601, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1988. Inaanza na kikubwa kwenda kidogo: 2026-04-05. Mwaka, mwezi, siku, kila kimoja na tarakimu zake kamili. Faida yake siyo kwamba inaeleweka tu. Ukipanga orodha ya oda kwa herufi, zinajipanga zenyewe kwa tarehe.

Ila hiyo ni ya mashine. Kwa mteja, andika jina la mwezi na siku ya wiki: "Jumapili, tarehe 5 Aprili". Siku ya wiki ni kipimo cha bure. Mteja akikuandikia "Jumamosi tarehe 5/4" wakati tarehe hiyo ni Jumapili, umeshajua kuna kimoja kakosea kabla hujapoteza hata shilingi. Usichague wewe kipi ni sahihi. Muulize.

MAJIRANI WAKO SAA NYINGINE

Isaka mizigo yetu haiishii Kahama na Shinyanga. Malori yanatoka hapa kwenda Rusumo na kuingia Rwanda, mengine Burundi, mengine yanasonga mpaka Goma na Bukavu. Huko kote wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapa ikiwa saa nne asubuhi, Kigali ni saa tatu. Dubai na Muscat wako mbele yetu saa moja. China wako mbele saa tano.

Kwa hiyo dereva au mteja wa Kigali akikwambia "nipigie saa tatu asubuhi", kwako ni saa nne. Na ukikaa karibu na mpaka, simu inaweza kudaka mtandao wa upande wa pili na saa ikajibadilisha yenyewe. Ndo maana saa bila kutaja mahali bado haijatosha. Andika "saa tatu asubuhi ya Kigali".

Mashine nayo inahitaji kuambiwa hivyo hivyo. Muda uliokamilika kwenye mfumo unaandikwa 2026-04-05T14:00:00+03:00. Ile T inatenganisha tarehe na saa, na ile +03:00 mwishoni inasema hii ni saa ya Tanzania, iliyo mbele kwa saa tatu kuliko saa ya dunia inayoitwa UTC. Kigali ingekuwa +02:00.

Kwa nini ujali? Kwa sababu seva nyingi zinazotunza tovuti zinatumia UTC. Oda iliyoingia hapa tarehe 5 saa nane usiku, kwa seva ni tarehe 4 saa 23:00. Yaani kila oda inayoingia kati ya saa sita na saa tisa usiku inaweza kuonekana kwenye ripoti kama ya jana. Ukifunga hesabu za siku, pesa iliyoingia kwenye simu haitalingana na oda za kwenye mfumo. Kabla hujamshuku msichana wa dukani kwamba kala hela, angalia kwanza muda wa miamala. Watu wameharibiana majina kwa saa tatu tu.

UKAGUZI WA GETINI: HATUA SITA

Iwe una tovuti, fomu ya bure ya Google, au WhatsApp na daftari, fuata hizi.

1. Usimwachie mteja aandike anavyotaka. Mpe kalenda achague. Kwenye tovuti, kisanduku cha tarehe cha kawaida cha kivinjari kinamwonyesha mteja kalenda, halafu kinapeleka kwenye mfumo 2026-04-05 bila kujali yeye aliionaje. Kwa saa, mpe machaguo: "Asubuhi saa 2 mpaka saa 5", "Mchana saa 6 mpaka saa 9", "Jioni saa 10 mpaka saa 12". Wengi hawahitaji dakika.

2. Kataa ambayo haipo. Tarehe 31 Aprili haipo. Tarehe 29 Februari 2026 haipo, itakuwepo 2028. Mfumo usiisogeze mbele, uirudishe.

3. Kataa ambayo haiwezekani kwa biashara yako. Tarehe iliyopita. Mwaka 2062 badala ya 2026. Siku mnayofunga. Keki inayohitaji siku mbili imeagizwa kwa kesho asubuhi. Hizi kalenda inazikubali, ila wewe huwezi kuzitimiza. Na ukaguzi huu ufanyike upande wa mfumo pia, siyo kwenye fomu tu, maana oda nyingine hazipiti kwenye fomu.

4. Yenye utata, uliza. Ujumbe wa kukataa umsaidie mtu. "Kosa! Tarehe si sahihi" unamkera mteja na anaondoka. Mwambie hivi: "Samahani, tarehe 3 Aprili imeshapita. Chagua kuanzia tarehe 7 Aprili." Amejua tatizo, amejua cha kufanya.

5. Tunza kwa namna moja. Mwaka-mwezi-siku, saa 24, na +03:00. Mahali pote, tovuti, faili, daftari. Ukipata nafasi, tunza pia maneno yenyewe aliyoandika mteja. Siku ya ubishi yatakusaidia.

6. Mrudishie mteja kwa maneno yake kabla ya kuanza kazi. Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, na haihitaji hata fundi. Mimi dukani natumia hivi, nakili ubadilishe:

"Asante dada. Nimepokea oda yako: keki kilo 3. Utaipata JUMAPILI tarehe 5 APRILI 2026, saa 8 MCHANA (14:00), saa za Tanzania. Kama ni sawa nijibu SAWA. Kama siyo, niambie siku na saa sahihi."

Ona ilivyobeba: siku ya wiki, jina la mwezi, mwaka, saa zetu na za mashine pamoja, na mahali. Utata wote tuliouongelea umezibwa kwa meseji moja. Akijibu SAWA mmekubaliana, na kila mmoja ana ushahidi kwenye simu yake. Sheria yangu ni moja: hakuna SAWA, hakuna kazi inayoanza.

Hatua tano za kwanza zinazuia tarehe mbovu. Ya sita ndo pekee inayokamata ile tarehe nzuri isiyokuwa ya mteja, kwa sababu mfumo unajua kalenda, ila kilichoko kichwani mwa mteja anakijua mwenyewe.

UKIKAA NA FUNDI WA TOVUTI

Usiogope kwamba hujasomea kompyuta. Muulize maswali haya manne, na akuonyeshe majibu kwenye skrini, asikuelezee kwa mdomo:

- Nikiingiza 31 Februari inatokea nini? (Inatakiwa ikatae.)
- Nikiingiza 5/4 inasomeka mwezi gani? (Wa nne, au ikatae na kuomba kalenda.)
- Oda ikiingia saa nane usiku, inaandikwa tarehe gani kwenye ripoti yangu? (Ya siku hiyo hiyo kwa saa za Tanzania.)
- Mteja wa Kigali akichagua saa tatu asubuhi, mimi naona saa ngapi? (Saa nne, na iandikwe ni ya wapi.)

Akishindwa hata moja, malipo ya mwisho yasubiri kidogo.

Leo usiku ukifunga duka, fungua oda kumi za mwisho kwenye simu yako. Hesabu ngapi zina saa bila asubuhi wala usiku, na ngapi zina tarehe ya namba bila jina la mwezi. Hizo ambazo hazijatoka bado, watumie wateja ile meseji ya SAWA kabla hujalala. Na mtumie makala hii mwenzako anayeuza mtandaoni. Kazi njema, wapambanaji.